Nilivyotetea Andiko la Osmunda

Dokta Luambano tulimzika nyumbani kwao Mpitimbi, mwezi wa sita, asubuhi yenye ukungu uliokataa kuondoka hata padri alipomaliza kunyunyiza maji ya baraka. Nilikuwa nimetoka Morogoro kwa basi mchana kutwa, nikalala Songea mjini, na alfajiri wastaafu wa chuo wakanipa nafasi kwenye gari lao. Baridi ya Ruvuma nilikuwa nimeisahau. Nilisimama makaburini na koti jepesi la mjini, meno yanagongana, nikawaza kwamba marehemu angeniona angesema tu, "Mwanaidi, hukujiandaa," kisha angegeuza uso asione ninavyoumia. Watu walipokuwa wananawa mikono, mtu alinishika kiwiko kutoka nyuma. "Wewe Mwana," akasema, "bado unasimama kama unaogopa kuulizwa." Sikuhitaji kugeuka kumjua. Osmunda alikuwa amenenepa, amevaa kitenge cha wanawake wa kigango na sweta la kijani, na kichwa chini ya kilemba kilikuwa cheupe kuliko changu. Tulikumbatiana pale pale kwenye udongo uliochimbuliwa, tukalia, na baadaye sana ndipo tukajua kwamba tulikuwa tunamlilia marehemu na mwaka wetu wa masomo kwa pamoja.

Walitukalisha mkekani chini ya turubai, upande wa akina mama, tukapewa chai ya tangawizi na viazi vitamu vya kuchemsha. Msemaji wa chuo alisimama akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akafundisha. Akasema alikuwa msimamizi mkali lakini mwenye haki. Osmunda aliposikia "mkali" alinitazama, nami nikamtazama, na sijui ni nani kati yetu aliyeanza, ila tulilazimika kujifunika nyuso kwa khanga na waombolezaji wakadhani tumezidiwa. Mama mmoja alituletea maji. Wasifu ule haukuutaja mwaka wetu, na hapakuwa na sababu ya kuutaja, kwa kuwa kwake ulikuwa mwaka kama miaka mingine na sisi wanafunzi kama wanafunzi wengine.

Mwaka ule tulipanga nyumba moja Bombambili, mimi na Osmunda, vyumba viwili vinavyotazamana na ukumbi mdogo katikati ambao ndio ulikuwa jiko, maktaba na baraza yetu. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, haina dari, ukikohoa chumba hiki, cha pili kinasema pole. Mimi nilikuwa mwalimu niliyetoka kufundisha Nakapanya, huko Tunduru, na kabla ya hapo nilikuwa mtu wa Tanga, niliyezoea nazi kwenye kila kitu hadi kwenye maharage. Osmunda alikuwa wa hapo hapo, mzaliwa wa vijiji vya Mpitimbi, na mumewe alikuwa akifundisha Mbinga, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya misa. Tulikutana siku ya kujiandikisha masomo ya shahada ya uzamili kwenye tawi la chuo pale mjini. Tulikuwa wanawake wawili tu darasani, basi tukakaa dawati moja, na tulipokaa dawati moja tukaona hakuna maana ya kulipa kodi mbili.

Nikifumba macho bado naona meza ile ya ukumbini. Mguu wake mmoja ulikuwa umewekewa kipande cha tofali, na juu yake kulikuwa na vitabu upande mmoja na sufuria upande wa pili. Osmunda alinifundisha kupika majani ya maboga kwa karanga zilizotwangwa, mboga anayoiita likolo, na mwanzoni nilikula kwa heshima tu, baadaye nikawa naiomba. Mimi nilimfundisha kukaanga dagaa wa Nyasa kwa ndimu na pilipili mpaka wanalia mdomoni. Aliweka sufuria ya pekee ambayo nyama ya nguruwe haikuwahi kuigusa, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini, na mumewe akija Jumamosi humwambia mlangoni kabla hata ya salamu, "Hiyo yenye uzi ni ya Mwana, usije ukanitia aibu." Mwezi wa Ramadhani aliamka kabla yangu akanikorogea uji. Sikumwomba. Nilipomuuliza alisema, "Mimi mwenyewe silali, huyu wa tumboni anapiga teke," maana kufikia wakati huo alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana.

Kila jioni tulisomeana maandiko yetu ya utafiti. Kanuni ya chuo ilikuwa kwamba mwanafunzi hawezi kwenda uwandani kukusanya taarifa mpaka andiko lake lipite mbele ya jopo, na jopo lilikuwa linatoka makao makuu Dar es Salaam, linakuja Songea mara moja tu kwa mwaka. Ukikosa, umekosa hadi mwakani. Kwa hiyo tulikariri. Mmoja anatwanga karanga au anachagua mchele, mwenzake anasimama mbele ya jiko la mkaa na kuanza: tatizo, malengo, maswali, njia. Mwenye kukaa huuliza maswali kwa sauti ya kiprofesa. Nililijua andiko la Osmunda kama ninavyojua sura ya Fatiha, naye alilijua la kwangu. Tofauti ni kwamba la kwake nilipenda kulisikia. La kwangu, nikisema kweli, hata mimi lilikuwa linanichosha.

La kwangu lilihusu nafasi ya utandawazi katika kuboresha elimu kwenye nchi zinazoendelea. Nililichagua kwa sababu lilikuwa na maneno makubwa, na nilidhani usomi ni kupanda juu mpaka usiwaone watu tena. La Osmunda lilihusu watoto wa darasa la kwanza wa vijiji vya kwao, wanaofika shuleni wakiwa wanasema Kingoni tu, wanakutana na mwalimu aliyetoka mkoa mwingine anayesema Kiswahili tu. Alitaka kujua, mtoto anaposhindwa kusoma, ni kusoma ndiko kulikomshinda au ni lugha. Alikuwa na kisa chake ambacho hakukiandika popote, alinisimulia tu siku moja anapepeta mchele. Alipoanza shule, mwalimu alikuwa akimnyooshea kidole na kumwambia "Nyamaza!" kila anapofungua mdomo. Siku hizo nyumbani wakamuuliza, "Shuleni wanakuitaje?" Akajibu, "Wananiita Nyamaza." Aliamini hilo ndilo jina lake la shule. Alicheka sana aliponieleza, mchele ukamwagika, lakini mimi sikuweza kucheka.

Dokta Luambano alitusimamia wote wawili. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayevaa koti la suti na kandambili za ngozi hata kwenye baridi, na ofisi yake ilinuka kahawa ya Mbinga aliyoikaanga mwenyewe. Hakuwahi kutusifu. Ukimpa kurasa, alizirudisha na mistari ya kalamu pembeni bila neno, na ukimuuliza mstari huu una maana gani, alisema, "Hapo nimesinzia." Andiko langu lilijaa mistari. Nilimchukia kidogo. Osmunda alimwita "Baba Padri" kwa siri, kwa sababu alisikiliza kama anayesikiliza maungamo, macho chini, bila kuonyesha kama dhambi ni kubwa au ndogo.

Jopo liliwasili siku moja kabla ya mawasilisho. Mwenye nyumba wetu, Mama Nyoni, alikuwa na mgahawa karibu na stendi, uliosifika kwa samaki wa ziwani, na mchana ule Dokta Luambano akawaleta wageni wake kula hapo. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia, nimekuja kumsaidia Mama Nyoni kuchambua mboga, kazi niliyoipenda nikiwa na wasiwasi. Nikasikia sauti nzito, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, nikajua huyo ndiye profesa mwenyekiti.

"Hawa wanawake wawili," akasema, "mmoja ni mjamzito. Nimemwona pale chuoni. Ana muda gani kabla ya kujifungua?"

Dokta Luambano akasema hajui, hajamuuliza.

"Sasa utafiti gani huo? Atajifungua, atanyonyesha, atasahau shule. Nadhani tumwahirishe tu, tusimpotezee muda na sisi tusipoteze wetu."

Kulikuwa na mama mmoja kwenye jopo, Dokta Salma, ambaye baadaye nilikuja kumfahamu vizuri. Sikumsikia akisema kitu. Nilisikia vijiko. Kisha Dokta Luambano akasema taratibu, "Kuahirisha ni uamuzi wa jopo, Profesa. Jopo huamua likishasikiliza." Akamwomba Mama Nyoni pilipili.

Nilifika nyumbani nikamweleza Osmunda kila kitu, hata vijiko. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu ilikuwa imemvimba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimba si ugonjwa. Kesho nitasimama mbele yao na tumbo langu, na wakitaka watoe viti wakae karibu waone." Nikamkumbatia shingo, nikamwambia huyo ndiye Osmunda ninayemjua. Tulikula ugali na mbasa, samaki wa ziwani aliyebaki mgahawani, tukalala mapema.

Alfajiri akaniita. Hakupiga kelele, aliita jina langu kama mtu anayeuliza kama umeamka. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, sakafu imelowa. "Chupa imepasuka," akasema. Niliwahi nyumba ya mbele nikamwamsha Mama Nyoni, Mama Nyoni akamwamsha jirani mwenye teksi, na kabla jogoo hawajamaliza kuwika tulikuwa tumemkalisha Osmunda kiti cha nyuma na mifuko ya khanga mapajani. Nilikuwa nimeshaingia garini. Akanitoa. "Shuka, wewe nenda kafanye la kwako," alisema, na uchungu ukampata, akakunja uso, ulipopita akarudia, "Shuka, Mwana. Mama Nyoni yupo." Nilishuka. Nilirudi ndani kuvaa, na nilipokuwa natoka nikaiona bahasha yenye nakala za andiko lake mezani. Nikaichukua, nia yangu ikiwa ni kuikabidhi pamoja na udhuru wake. Nia nyingine sikuwa nayo wakati huo, naapa.

Ukumbi ulikuwa darasa lililosafishwa kwa nta nyekundu, linanuka kama kanisa siku ya Pasaka. Jopo lilikaa mezani limevaa makoti, na sisi wanafunzi tukakaa kwenye madawati tukisugua viganja. Mimi niliitwa wa pili. Mawasilisho yalikuwa kwa Kiingereza, nami nilikuwa nimekariri changu neno kwa neno kama shairi la siku ya wazazi, nikalisoma huku nikitazama slaidi ukutani, si watu. Nilipomaliza profesa aliondoa miwani.

"Nchi zinazoendelea," akasema. "Nchi zipi?"

"Zote, Profesa."

"Zote? Utazifikia lini?"

Madawati yalicheka. Nikasema nitaanzia Songea. Yakacheka zaidi. Akaniuliza utandawazi nitaupimaje, nikarudia ufafanuzi wa kitabuni. Akauliza tena, nikaurudia tena, kwa sauti ndogo zaidi. Dokta Salma akaniuliza kwa upole ni kitu gani hasa ninachotaka kukijua, na hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa na jibu, kwamba mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nilimtazama Dokta Luambano anisaidie. Alikuwa anatazama mikono yake. "Lirudishwe," akasema profesa. "Mwanafunzi akatafute mada." Hawakusema lirekebishwe. Walisema akatafute. Nikarudi dawatini, masikio yanawaka moto katika baridi ile, na mwanamume niliyekaa naye akasogea kidogo, kama vile kufeli kunaambukiza.

Wakamwita Osmunda. Nikasimama, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kusimama, nikatoa udhuru: amepelekwa hospitali alfajiri, yuko kwenye uchungu. Profesa alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyetabiri mvua na ikanyesha. "Tunamtakia heri," akasema. "Aahirishwe mpaka jopo la mwakani." Akafunua karatasi nyingine.

Siwezi kueleza kilichonipata isipokuwa kwamba nilikuwa nimeshafedheheka kiasi kwamba hapakuwa na fedheha iliyobaki ya kuogopa. Nilikuwa na bahasha yake mkononi. Nikasikia sauti yangu inasema, "Naomba niliwasilishe mimi kwa niaba yake."

"Kwa kanuni gani?" akauliza profesa.

Dokta Luambano alizungumza kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kanuni inasema andiko liwasilishwe mbele ya jopo," akasema. "Haikutaja mdomo wa nani."

"Luambano, usinichezee."

"Sichezi, Profesa. Nimesoma kanuni."

Dokta Salma akavuta koti lake. "Tumsikilize," akasema. "Chai yenyewe haijafika."

Nikasimama mbele. Sikuwa na slaidi zake, nilikuwa na ukumbi wetu wa Bombambili kichwani, sufuria yenye uzi na karanga zinatwangwa, na Osmunda amesimama mbele ya jiko. Nilianza kwa Kiingereza, sentensi ya kwanza, ya pili, kisha nikamwona profesa anachungulia saa. Nikasimama. Nikasema, "Profesa, naomba niseme kwa Kiswahili." Akanitazama kama anayepima mzigo. "Sema kwa lugha utakayoweza kujibia," akasema. Basi nikawaeleza habari ya mtoto anayeitwa Nyamaza. Walicheka, wote, hata profesa, kicheko cha kweli cha tumboni, kisha kikakatika ghafla, na katika ukimya ule nikawapa tatizo, malengo, maswali na njia, kimoja baada ya kingine, bila kutazama karatasi.

"Utajuaje," profesa akauliza, "kama mtoto hajui kusoma, au anajua ila hana lugha?"

"Atasimuliwa kisa kimoja kwa lugha zote mbili, kwa siku tofauti," nikasema, "aulizwe maswali yale yale. Akijibu kwa Kingoni na akashindwa kwa Kiswahili, tatizo si akili yake."

"Na huyo wa kumsikiliza kwa Kingoni?"

"Osmunda mwenyewe. Ndiyo lugha aliyonyonya."

"Ambaye yeye mwenyewe atakuwa ananyonyesha."

Nilikuwa na hasira tangu jana nyuma ya pazia, na sasa ilipata mlango. "Mpitimbi kuna akina mama wengi wananyonyesha na wanalima, Profesa," nikasema. "Na mahindi yanavunwa kila mwaka."

Dokta Salma alikohoa, kikohozi kirefu kisicho na kikohozi ndani yake. Profesa aliandika kitu, akamsogezea jirani yake, wakanong'ona. Kisha akasema andiko limepita kwa marekebisho madogo, na aliposema hivyo alinitazama kwa mshangao wa wazi, kama mtu aliyeokota kitu barabarani kumbe si chake na bado hajui akirudishe kwa nani. Chai iliingia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikatambua kwamba nimefaulu na nimefeli katika asubuhi moja, na kilichofaulu si changu.

Nilikwenda hospitali kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia. Mama Nyoni alinipokea mlangoni mwa wodi ya wazazi akiwa na vigelegele kooni anavyovizuia kwa sababu ya wagonjwa: mtoto wa kiume, mzima, na mama mzima. Osmunda alikuwa amelala ubavu, nywele zimemgandama usoni, na kifurushi pembeni yake. Niliinama sikioni nikamwambia, "Osi, umepita! Andiko lako limepita!" Akanitazama kwa muda mrefu, akauliza limepitaje, nikamweleza haraka haraka. Akaanza kulia. Alilia kwa kwikwi mpaka muuguzi akaja kuuliza kama anaumwa. Nikamwambia muuguzi hapana, dada, hiyo ni furaha.

Wiki iliyofuata Dokta Luambano aliniita ofisini. Alinimiminia kahawa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, nikajua kwamba mambo ni mabaya. Alingoja mpaka nikafika nusu ya kikombe.

"Ulipokuwa unasema la mwenzako ulikuwa unazungumza nasi," akasema. "Uliposema la kwako ulikuwa unatuomba. Sijui kwa nini ulidhani unahitaji kuomba."

Nilizungusha kikombe mezani.

"Kabla ya kuja hapa ulifundisha wapi?"

"Nakapanya, Dokta."

"Na kule kitu gani kilikuwa kinakukera?"

Nikamwambia habari ya madawati matupu. Msimu wa korosho darasa langu lilikuwa linabaki na watoto wachache, wengine wako mashambani na wazazi wao, na msimu ukiisha wanarudi, wengine hawarudi, na waliorudi wanakaa kimya kama wageni nyumbani kwao. Nilizungumza mpaka kahawa ikapoa. Nilimtaja hadi msichana mmoja aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, niliyemkuta siku moja anapanga mafungu ya korosho kando ya barabara, akajificha asinisalimie. Dokta Luambano alisikiliza, macho chini. Mwishoni akasema, "Hapa sikusinzia," akachukua kalamu akaendelea na kazi zake. Nilikaa kidogo nikisubiri mengine, kisha nikaelewa kwamba nimeshapewa kila kitu.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ndiyo ninayoikumbuka kwa upendo mkubwa kuliko miaka yangu yote ya kusoma, ingawa ilikuwa ya dhiki. Osmunda alirudi Bombambili na mtoto, na mama yake akaja kutoka kijijini kumlea mzazi. Bibi yule Kiswahili alikitumia kama chumvi, kidogo kidogo. Asubuhi nilimwamkia "Shikamoo, Bibi," akaitikia "Marahaba, mwana," kisha akaendelea kwa Kingoni mpaka jioni, na mimi nikaitikia kwa kichwa, na nadhani tulielewana vizuri. Alitengeneza togwa na kuiweka kwenye ndoo kando ya meza yetu, nasi tulisoma tukinywa, mtoto akipokezanwa kama kitabu cha kuazima. Nepi zilikaushwa juu ya jiko kwa sababu nje hazikauki. Ninayo nakala ya andiko langu jipya yenye duara la kikombe cha togwa kwenye ukurasa wa malengo. Tulisomeana tena kila jioni kabla ya kula, na sasa kila nilipofika kwenye sentensi ya kujionyesha, Osmunda hainui kichwa kutoka kwa mtoto, anasema tu, "Nyamaza."

Dokta Luambano aliwaandikia makao makuu mara kadhaa mpaka wakakubali nisikilizwe na jopo dogo la hapo hapo Songea badala ya kungoja mwakani. Hilo hakuniambia yeye. Nililisikia kwa karani. Nilisikilizwa ofisini mwake mvua za kwanza zilipoanza. Bati lilipiga kelele kiasi kwamba nililazimika kupaza sauti, na kuna kitu kinachotokea mtu anapolazimika kutangaza jambo lake kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto: hupati nafasi ya kuomba. Nilipiga kelele habari ya Nakapanya kwa watu watatu waliojikunyata, wakanipigia kelele maswali, nikawapigia kelele majibu. Lilipita. Niliyemkuta barazani ni Osmunda, amelowa, mtoto mgongoni chini ya mwavuli uliovunjika mbavu. Tulirudi nyumbani tunaimba kwenye matope.

Baadaye sote tulihitimu, tukatawanyika kama wanavyotawanyika watu. Yeye alifanya utafiti wake na akaja kuwa mkuu wa shule, kisha mkaguzi. Mimi nimefundisha walimu hadi sasa nimekaribia kustaafu, na nimekaa kwenye majopo mengi, upande ule wa meza. Simu tulipigiana, mwanzoni sana, kisha sikukuu, kisha misiba. Nadhani ndiyo maana nilipomkuta Mpitimbi tulizungumza kwa pupa, tukiruka kutoka mwaka huu kwenda ule, watoto, magoti, wajukuu, nani amekufa. Mawingu yalianza kupasuka na wapishi wakawa wanapakua wali. Nikamwambia ninavyokumbuka siku ile ya wodini, alivyolia kwa furaha, na kwamba nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi.

Osmunda alikuwa anamenya kiazi. Akaacha.

"Unasimulia hivyo?" akauliza. "Kwamba ilikuwa furaha?"

"Ilikuwa nini?"

Alitazama upande wa kaburi, ambako vijana walikuwa wanapanga mashada. "Nilikuwa nimechoka, Mwana. Miezi mingi nilikuwa nimechoka na sikuweza kumwambia mtu, wewe kwanza. Uliponiletea maneno ya yule profesa nikajifanya simba, kwa sababu ulikuwa unanitazama kama simba. Moyoni nilikuwa naomba aniahirishe. Chupa ilipopasuka nikasema, Mungu asante, yamekwisha, sasa nitalala. Ndiyo maana nilikutoa kwenye gari. Nilijua ukija na mimi utanitia moyo." Akacheka kidogo. "Halafu naamka na mtoto wangu, niko salama, hakuna anayenidai kitu, unakuja wewe unahema, unaniambia nimepita."

Kelele za msiba ziliendelea pande zote, sufuria na watoto na wazee wanaoagana.

"Nilikuchukia," akasema. "Wiki nzima. Mama anajua, nilimwambia. Nikamwambia yule Mtanga ameninyima kupumzika. Unajua Mama alisema nini? Alisema, basi mwambie. Nikashindwa. Ulikuwa umerudishwa wewe, umefeli wewe, na ulikuwa unafua nepi za mtoto wangu unaimba. Ningeanzaje?"

"Kwa nini hukuacha tu baadaye?"

Mama aliyetuletea maji alipita akitukaribisha chakula, tukamwambia tunakuja. "Nilitaka kuacha nikiwa nimeamua mwenyewe," akasema, "na kila nikikaribia kuamua ilikuwa jioni, na wewe umeshasimama mbele ya jiko umeanza kusoma la kwako. Nikasema nimsikilize huyu kwanza, nitaacha kesho."

Nilimuuliza kama sasa ananisamehe, au ananishukuru, niweke lipi moyoni nikirudi Morogoro. Osmunda alijikung'uta maganda ya viazi kwenye kitenge, akaweka mkono begani kwangu ili anyanyuke, magoti yakamlilia, akasimama wima akaninyooshea mkono na mimi.

"Bado nalifikiria," akasema. "Twende tukale, wali wa msibani haungoji mtu."